Uliza Tukujibu: Sikukuu za Wachina kwa anayetoka Mwanza kwenda Guangzhou

Barua nyingi za safari hii zimetoka Makoroboi, Kirumba, Sengerema na Nansio. Waandishi wake wana safari ya China, wengi kwa biashara, na wanataka kuzifaidi sikukuu za huko badala ya kuzitazama kupitia dirisha la hoteli. Tumechagua tano.

Nina duka la mabegi na viatu Makoroboi. Mwanzoni mwa 2027 nataka kwenda Guangzhou kuchukua mzigo, na ningependa niuone na mwaka mpya wao hukohuko. Nipange tarehe gani?

Mwaka mpya wa Kichina hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo huhamahama kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Kwa 2027 unaangukia Jumamosi, tarehe 6 Februari. Shida, ndugu, ni kwamba mzigo na sikukuu haviendi pamoja. Wafanyakazi wa viwandani wengi wanatoka mikoa ya mbali, na huanza kuondoka wiki mbili hivi kabla ya sikukuu. Ukifika tarehe 1 Februari ukidhani utanunua, utakuta mageti ya maduka ya jumla yameshushwa, na wakala wa mizigo keshapanda treni kwenda kwao.

Weka oda na malipo ya awali Novemba, au Desemba mapema. Safiri katikati ya Januari, kagua mzigo kwa macho yako, fungua maboksi ya katikati na si ya juu tu, umalizane na wakala kabla ya tarehe 25. Oda ya kukimbizana na likizo ndiyo inayotoka na gundi isiyokauka na zipu zinazokwama, kwa sababu mafundi wazoefu wameshaondoka. Baada ya hapo pumzika, usubiri sherehe. Kama huwezi kukaa muda wote huo, chagua moja. Anayetaka mzigo aende baada ya tarehe 20 Februari, sikukuu ya taa ikishapita, maana hapo maduka mengi yamefunguka.

Usipange kuzunguka miji mingine kwa treni siku hizo. Msimu wa watu kurudi makwao huchukua siku 40, tiketi hufunguliwa siku 15 tu kabla ya safari, na za njia kubwa huisha upesi. Ukibahatika kupata, tiketi hiyo ni pasipoti yako yenyewe. Fika stesheni saa nzima kabla, upite geti lenye mhudumu, kwa kuwa mageti mengi ya mashine husoma vitambulisho vya Wachina.

Shikamooni. Nimesikia Guangzhou kuna soko la maua usiku kabla ya mwaka mpya. Linakuwaje, na mgeni anaruhusiwa?

Marahaba. Anaruhusiwa kabisa, na kwa maoni yetu hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika mwaka mpya wa Guangzhou. Wengi wanakosea kwa kungoja siku yenyewe. Siku ya kwanza ya mwaka watu wako majumbani na ndugu zao, barabara nyeupe. Raha ya mji iko katika siku tatu za mwisho wa mwaka wao, ambazo kwa 2027 ni tarehe 3 hadi 5 Februari.

Soko lenye jina kubwa ni la Barabara ya Xihu, wilaya ya Yuexiu. Shuka kituo cha Gongyuanqian, laini ya 1 au ya 2, kisha fuata watu. Barabara inafungwa, vibanda vinapangwa, na umati unasukumwa uelekeo mmoja. Ukipitwa na kibanda usigeuke kurudi nyuma, zunguka upya. Nenda mara mbili. Mara ya kwanza iwe mchana wa siku ya kwanza ya soko, uone maua yakiwa mabichi na upate nafasi ya kupiga picha. Mara ya pili iwe usiku wa mkesha, kuanzia saa 3, ambapo wauzaji wanapunguza bei kila nusu saa kwa sababu hakuna anayetaka kurudi na maua nyumbani.

Utaona matawi ya mpichi marefu kuliko mtu. Tazama jinsi mama wa Guangzhou anavyochagua: hatazami maua yaliyochanua, anapitisha macho kwenye vitumba, anahesabu vile vilivyovimba na kuonyesha wekundu kidogo kwenye ncha, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyofunguka siku ya kwanza ya mwaka. Kuna miti midogo ya vichungwa kwenye vyungu, yungiyungi, okidi, na tunda la manjano lenye chuchu tano ambalo watu hulipanga kama mnara. Vyote ni vya kutazama. Mmea au tawi usifungashe kuleta Mwanza. Bila kibali na cheti cha afya ya mimea utanyang'anywa uwanja wa ndege. Nunua vile vipepeo vya karatasi vinavyozungushwa na upepo, taa za karatasi, au mabango mekundu ya mlangoni.

Pasipoti iwe mfuko wa mbele wenye zipu. Mtoto mdogo asiende usiku wa mkesha. Na fataki usizitegemee, maana kuzipiga ovyo katikati ya mji kumepigwa marufuku. Chukua sweta: Februari huko ni nyuzi 10 hadi 18 hivi, unyevunyevu mwingi, na vyumba vingi havina joto la ndani.

Nilifanya kazi kwenye ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi. Bosi wangu wa Kichina amerudi kwao Guangdong na amenialika mwaka mpya nyumbani kwake. Niende na nini, na nifanye nini nisimuaibishe?

Umepewa heshima kubwa, kwani mlo wa mkesha ni wa familia. Beba zawadi mbili mbili: pakiti mbili za kahawa ya Kagera, pakiti mbili za majani ya chai, zifungwe kwa karatasi nyekundu. Usipeleke saa, mwavuli, viatu, wala kitu kilichofungwa kwa nyeupe tupu. Shati la kitenge lenye wekundu litawafurahisha. Kanzu nyeupe iache kwa siku nyingine.

Bahasha nyekundu ndizo zinazowachanganya wageni. Kwa Guangdong, aliyeoa humpa ambaye hajaoa, hata kama huyo ni mtu mzima. Kiasi ni kidogo: yuan 10 au 20 kwa mtoto wa jirani, 50 au 100 kwa watoto wa mwenyeji wako. Mikoa mingine hutoa zaidi, hivyo mtu wa huko akikushangaa usibabaike. Noti ziwe mpya, kiasi kisiwe na namba 4, utoe na kupokea kwa mikono miwili. Ukipewa, usifungue mbele ya mtoaji. Kama hujaoa, pokea ushukuru.

Mezani kutakuwa na samaki mzima. Sisi wa ziwani tumezoea kummaliza sato mpaka mifupa ing'ae. Huko usimmalize, kwa sababu kinachobaki ndiyo baraka ya mwaka unaokuja. Wala usimgeuze upande wa pili. Watu wa pwani na mito ya kusini wanaona kumgeuza samaki ni kupindua chombo majini. Nyama ya juu ikiisha, mwenyeji atautoa mfupa. Vijiti vya kulia usivisimamishe ndani ya wali, maana ndivyo inavyochomwa ubani wa marehemu.

Pombe yao ya nafaka hufika asilimia 50 na zaidi. Kama hunywi, sema kabla glasi ya kwanza haijamiminwa, uinue chai. Kinacholeta kero ni kukubali glasi mbili kisha kukataa ya tatu. Ukigonganisha glasi na mzee, yako iwe chini ya yake. Na kama utalala kwake, mwombe mwende polisi kukuandikisha ndani ya saa 24. Hoteli hufanya hivyo yenyewe, nyumbani ni juu yenu.

Mimi ni Mwislamu, nitakuwa huko hadi Septemba. Vyakula vya sikukuu vipi ni salama kwangu?

Tafuta maandishi ya "qingzhen", yaani halali, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Weka picha yake kwenye simu. Migahawa ya tambi za Lanzhou mingi ni ya Waislamu, ingawa mingine hufunga mwaka mpya, basi weka akiba ya matunda na chakula kikavu. Keki za mwezi za Septemba zinaonekana hazina nyama lakini huweza kuwa na mafuta ya nguruwe, na zile za mbegu tano mara nyingi huchanganywa na nyama yake. Mafungu ya wali wa kunata ya sikukuu ya mitumbwi ya joka, Juni, yale ya Guangdong, huwekwa nguruwe na choroko. Yapo ya manjano yasiyo na nyama, huliwa na sukari au asali. Hata hivyo uliza yamechemshwa sufuria gani.

Sisi ni wavuvi wa Nansio. Mbio za mitumbwi ya joka tuzione wapi?

Hii ndiyo sikukuu yenu. Kwa 2027 ni tarehe 9 Juni. Msiishie kwenye mashindano rasmi ya mto Zhujiang. Nendeni kwenye vijiji vya zamani vilivyomezwa na mji, ambako mitumbwi hutembeleana. Kijiji cha Chebei ni kizuri, na siku yake ni ya tatu ya mwezi wao wa tano, yaani tarehe 7 Juni. Shukeni Chebeinan, laini ya 4 au ya 5.

Mtumbwi mmoja mrefu hufika mita 40 na kubeba makasia zaidi ya 50, ngoma na upatu katikati. Mwaka mzima huzikwa kwenye matope ya mfereji, kwa sababu mbao ngumu zikikaukia juani hupasuka, kama mtumbwi ulioachwa mchangani Nansio unavyoachia maungio na kudai kalafati upya. Hufukuliwa kuanzia siku ya nane ya mwezi wa nne, tarehe 13 Mei kwa 2027, na kuuona ukiibuka, vijana wakiwa matope hadi kifuani, kunastahili safari peke yake.

Mifereji ni ya kina kifupi na hutegemea maji kupwa na kujaa, kitu ambacho ziwa letu halina. Kwa hiyo saa hubadilika kila siku: ulizeni kijijini jana yake. Simameni mbali na baruti zinazowashwa mitumbwi ikikaribia. Kichwa cha joka msikiguse bila ruhusa, na vijiji vingine haviruhusu wanawake kupanda. Mvua za msimu huo ni kubwa; vaeni koti la plastiki, kwa kuwa mwavuli unawaziba wa nyuma. Malipo ni ya simu kwa Alipay: unganisheni kadi ya Visa au Mastercard mkiwa bado Tanzania ambako ujumbe wa benki unafika bila shida, mkijua kila malipo yanayozidi yuan 200 hukatwa asilimia 3.