Kwa mnaoanza kuripoti mataifa makubwa mkiwa Mtwara

Wadogo zangu mnaoingia chumba cha habari hapa Mtwara na kupangiwa habari za kimataifa, anzeni na korosho. Sehemu kubwa ya korosho inayouzwa minadani Newala, Tandahimba na Masasi huondoka ikiwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam. Vietnam nayo huiuza iliyobanguliwa Marekani, Ulaya na China. Aprili 2025 Rais Trump alitangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam. Julai akaushusha hadi 20. Mwishoni mwa Agosti bidhaa nyingi za India zikafikia asilimia 50, nusu yake ikiwa adhabu ya kununua mafuta ya Urusi. Hapo vita vya Ukraine vimeshafika kwa mnunuzi wa korosho yetu, wiki chache tu kabla ya msimu wa minada.

Lakini msikimbilie kuandika kwamba ushuru ndio uliopandisha au kushusha bei. Ulizeni kwanza mavuno ya Ivory Coast na Cambodia yalikuwaje, meli zinatoza kiasi gani, dola imesimama wapi, na ubora wa mzigo uliofika ghalani. Mkulima anayewasikiliza kule kijijini anaujua mnada kuliko ninyi. Mkimdanganya mara moja, hatawasikiliza tena.

Jambo la pili ni kutenganisha tangazo na utekelezaji. Oktoba 2023 China ilitangaza masharti juu ya baadhi ya bidhaa za kinywe, madini yanayotumika kwenye betri za magari ya umeme. Masharti yalianza Desemba 1, nayo yalidai kibali cha kusafirisha nje, hayakuwa marufuku. Kwa msikilizaji wa Ruangwa, ambako kinywe kipo ardhini, tofauti hiyo ni kubwa mno. Marufuku humfanya mnunuzi atafute mgodi mwingine leo hii, ilhali kibali humfanya asubiri huku akihesabu gharama.

Halafu someni historia ya huku huku. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake. Kwa ajili ya mradi huo ikajengwa bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, na reli ya kwenda bara. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Bandari tunayo mpaka leo, reli iling'olewa. Kwa hiyo taifa kubwa likitangaza mradi kusini, ulizeni lina shida gani nyumbani kwake, na shida hiyo ikiisha mradi utasimama na nani.

Msishabikie Marekani, China au Urusi kama Simba na Yanga. Nchi ndogo nayo ina hesabu zake, na hili naona linasahaulika kupita yote. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akaukataa na msaada mwingine wa serikali hiyo.

Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, nchi 141 ziliunga mkono, Kenya ikiwemo. 5 zilipinga na 35 hazikuegemea upande, nasi tukiwa humo. Msiiite kura ya namna hiyo uoga wala ushujaa. Tafuteni kumbukumbu ya kura na maelezo yaliyotolewa na wajumbe ukumbini, myasome yote, ndipo mpige simu kwa mchambuzi wa Dar es Salaam.