Usikitupe bado kitabu cha tano

Pole sana, ndugu yangu. Unasema ulisubiri miaka 6, kuanzia kitabu cha nne kilipotoka 2005 hadi 2011, halafu A Dance with Dragons, riwaya ya tano ya mfululizo wa A Song of Ice and Fire, ikaisha vita vya mji wa Meereen havijapiganwa. Una haki ya kuumia. Mimi pia naona ilikatwa pabaya.

Ila jaribu hivi. Mwandishi, George R. R. Martin, aliigawa hadithi kwa mahali, si kwa wakati, kwa hiyo kitabu cha nne na sehemu kubwa ya cha tano vinakwenda sambamba. Visome kwa kupishanisha sura. Ukifika pale baba mmoja anapomletea Daenerys, malkia mwenye majoka, mifupa ya binti yake huyo baba, midogo, imeunguzwa na joka, soma polepole. Daenerys, mama wa majoka, anaanza kuwaogopa wanawe. Mimi hapo nilifunga kitabu, nikanyamaza.