Viwanda vitarudi, ila mafundi wako wapi?

Mmeuliza wiki hii kama nchi iliyopeleka viwanda vyake nje miaka mingi inaweza kuvirudisha. Mi nasema ndio, baadhi vitarudi, ila anayedhani ukipandisha ushuru wa forodha leo basi kesho asubuhi mageti yanafunguliwa na watu wanapanga foleni ya ajira, huyo anajidanganya.

Chukua Marekani, manake ndo wanaoongoza kwa kelele. Mwaka 1979 wafanyakazi wao wa viwandani walikuwa karibu milioni 19.5, saivi hawafiki milioni 13. Sio wote walichukuliwa na China, mashine nazo zimekula ajira nyingi tu, lakini China ilipoingia WTO, Shirika la Biashara Duniani, mwaka 2001 mambo yalienda kasi na kiwanda kikubwa kikihama kinaondoka na tuviwanda twote tulioishi kwa kukiuzia vipuri. Apple walipoamua kuunganisha kompyuta yao ya Mac Pro kule Texas wakakwama kwenye skrubu! Yaani skrubu jamani, karakana waliyoitegemea iliripotiwa kutoa zisizozidi 1,000 kwa siku.

Afu kuna kalibu, yaani lile umbo la chuma linaloingizwa plastiki ya moto ili itoke na sura ya kitu, hapa ndo watu wengi hawapaoni. Shika chaja ya simu uangalie ubavuni, kuna kamstari kembamba, hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana plastiki ya moto ikiingizwa. Kuna fundi alikaa akachonga chuma mpaka zikabana sawasawa, akiacha upenyo mwembamba kama unywele tu plastiki inavuja na chaja inatoka na ukingo unaokwaruza. Kazi hiyo inajifunzwa kwa miaka, na wazee walioijua wamestaafu bila kurithisha, kwani nani ampeleke mwanae akasomee kazi ambayo viwanda vyake vinafungwa?

TSMC, ile kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu za simu na kompyuta, yalimkuta hayohayo alipojenga kiwanda Arizona, Marekani, akasogeza uzalishaji kutoka 2024 hadi 2025 akisema mafundi wenye ujuzi hawatoshi, ikabidi alete wengine kutoka Taiwan. Lakini chipu zinatoka sasa, kwahiyo asiniambie mtu haiwezekani.

Mimi pesa ningeanza kuziweka kwenye uanagenzi kabla ya majengo. Ujerumani kijana anakuwa kiwandani siku kadhaa za wiki na darasani siku zingine, analipwa, na baada ya miaka mitatu au mitatu na nusu ameiva. Sio habari ya kukata utepe mbele ya kamera, ndo maana wanasiasa hawaipendi sana.

Na ushuru nao una mwenyewe. Ile asilimia 25 ya mwaka 2018 kwenye chuma cha nje ilimfurahisha anayeyeyusha chuma ndani, ila mwenye karakana anayekinunua ili atengeneze kitu akapandishiwa gharama, na wanaokinunua ni wengi kuliko wanaokiyeyusha.