Ukitengeneza gemu ya vita vya Mkwawa, ianzie Lugalo uipime Kalenga

Kwa miaka miwili sasa natengeneza gemu ya mkakati kuhusu vita vya Wahehe, chini ya mtawala wao Mkwawa, na Wajerumani kwenye Nyanda za Juu Kusini za miaka ya 1890. Naitengenezea hapa Iringa, kwenye chumba kimoja Kihesa, kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni ya bure na kompyuta yangu inaimudu. Kuchora ramani hakukunisumbua sana. Kilichoninyima usingizi ni namna ya kuupa kila upande uwezo wake bila upande mmoja kugeuka mteremko. Wadogo zangu wanaoanza kazi hii huniuliza hilo kila mara, kwa hiyo naliweka hapa.

Toleo la kwanza niliwapa Wahehe nyongeza ya asilimia 40 kwenye kila shambulio, na Wajerumani nikawapa bombomu, ile bunduki ya rashasha. Nikawakalisha vijana wawili. Aliyeshika Wahehe alishinda mara sita mfululizo. Nikashusha nyongeza hadi 25, kisha 15, na ghafla mwenye bombomu akawa hashikiki. Nilipoteza wiki tatu nikipandisha na kushusha namba ile moja, na hakuna kiwango kilichokaa sawa.

Jibu nililipata nilipoacha namba na kurudi kwenye historia yenyewe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ulivamiwa ukiwa njiani, watu wamejipanga mstari mrefu, silaha nzito bado ni mizigo. Wapiganaji wa Mkwawa, wengi wao na mikuki, waliibuka vichakani na kuumaliza msafara ule kwa muda mfupi; Zelewski mwenyewe aliuawa. Oktoba 1894 wapinzani ni walewale, lakini safari hii mizinga imepangwa kwanza mbele ya ukuta wa mawe wa Kalenga, mji mkuu wa Mkwawa. Ngome ikaanguka.

Soma tena matukio hayo mawili. Nguvu ya Wahehe ilikuwa kumkuta adui akiwa safarini. Nguvu ya Mjerumani ilikuwa kupewa muda wa kujipanga. Basi nikafuta asilimia zote. Kuvizia sasa kunafanya kazi tu adui akiwa kwenye mstari wa safari, kichakani, na hajatuma wapelelezi mbele. Bombomu ikiwa imebebwa haipigi kabisa. Inahitaji zamu mbili kufunguliwa na kusimikwa. Kila mchezaji anaiona hatari inakuja na ana la kufanya. Ushauri wangu mkubwa ndio huo: tafuta vita viwili vya pande zilezile vilivyokwisha tofauti, kisha hakikisha kanuni zako zinaweza kuzaa vyote viwili. Zikizaa kimoja tu, bado hujaijua gemu yako.

Historia hiyohiyo ndiyo inayokupa dawa ya kila uwezo. Kalenga ilipoanguka, Mkwawa hakusalimu amri. Alipigana porini karibu miaka minne, hadi alipojipiga risasi Julai 1898 badala ya kukamatwa. Kwa hiyo kwenye gemu yangu Wahehe wakipoteza mji mkuu hawatoki mchezoni. Lakini Wajerumani walimjibu kwa kuwaminya wananchi waliokuwa wakimlisha, nami nikaweka hivyohivyo: anayepigana porini anakula kutoka vijijini, na ghala likiisha, kikosi kinapungua kila zamu.

Wasangu ndio walionitoa jasho. Kijana mmoja wa Rujewa alikuja kujaribu, akachagua kwao, na baada ya nusu saa akasukuma kibodi: "Kaka, Wasangu wako wanasubiri tu. Mimi nabonyeza nini?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimewapa ulinzi mkubwa wa ngome, jambo lisilomwachia mchezaji uamuzi wowote. Merere, mtawala wa Wasangu, na watu wake walisukumwa na Wahehe hadi Usafwa, wakairudia nchi yao baadaye kwa kushirikiana na Wajerumani. Uwezo wao sasa ni ushirika: wanachagua wa kuungana naye na lini, na kila zamu wanayokaa naye inampa mshirika sauti zaidi juu ya ardhi yao. Wakiwahi mno, wanatawaliwa. Wakichelewa, Mhehe ameshafika mlangoni.

Jambo jingine nalisimamia kwa nguvu: usilibandike kabila tabia. Usiandike "Wahehe: wakali" au "Wabena: wapole." Huku kwetu maneno hayo yanawaandama watoto hadi darasani. Uwezo uutoe kwenye mahali, silaha, kiongozi na mwaka husika.

Kwenye majaribio, badilisha kitu kimoja tu kwa siku, na wachezaji wawili wabadilishane pande kabla hujaandika matokeo. Vinginevyo unampima kijana, hupimi upande. Malalamiko yao yaamini. Tiba wanazopendekeza zichunguze, kwa sababu karibu kila mmoja ataomba upande wake uongezewe nguvu.

Jumamosi iliyopita yule wa Rujewa alirudi. Alikaa na Wajerumani zamu nne, akawaacha huku bombomu zao zikiwa bado mizigoni, akafungua njia kwa Wahehe. Mwenzake akanyanyuka kwenye kiti, akairudisha mechi nyuma aone alikosea zamu ipi.