Anza na soketi, prosesa itafuata

Wengi wanaounda kompyuta ya mezani huchagua prosesa kwanza, kisha wakatafuta bodi mama inayoendana nayo. Mimi naanza na soketi, yaani tundu la bodi linalopokea prosesa, kwa sababu ndiyo inayoamua utaweza kupachika prosesa gani miaka michache ijayo bila kununua bodi nyingine.

Mashine yangu niliiunda kwenye bodi ya AM4 (soketi ya AMD) yenye chipseti ya B450 (chipu inayounganisha sehemu za bodi), na prosesa ya Ryzen 5 2600. Michezo mipya ilipoanza kuilemea, niliweka Ryzen 7 5800X3D. Bodi ileile, RAM ileile. AM4 ilitoka mwaka 2016, na prosesa hiyo ikatoka 2022! Kwangu, uhai mrefu namna hiyo una thamani kuliko asilimia chache za kasi.

Intel, mpinzani wa AMD, hubadilisha soketi mapema zaidi. LGA1200 ya mwaka 2020 ilipokea vizazi viwili tu vya prosesa, cha 10 na cha 11. LGA1700 ikafuata 2021 na kuishia kizazi cha 14, kisha 2024 ikaja LGA1851. Anayenunua vifaa vilivyotumika awe macho zaidi na LGA1151: prosesa za kizazi cha 8 zinakaa vizuri kabisa kwenye bodi za kizazi cha 6 na 7, pini ni idadi ileile, lakini kompyuta haiwaki.

Ukianza leo bila kifaa chochote, nenda AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4. Inakubali RAM ya aina ya DDR5 pekee, ila AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi, na feni nyingi za AM4 zinaifaa. Kama tayari una RAM nzuri ya DDR4, aina iliyoitangulia DDR5, tafuta bodi ya LGA1700 inayoipokea. Prosesa yake ya Core i5-12400 bado inafanya kazi vizuri sana.

Siku ya kubadilisha prosesa, fungua ukurasa wa bodi yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome prosesa inahitaji toleo gani la BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta), na usasishe ile ya zamani ikiwa bado imo. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, nayo inaweza kung'oka pamoja na feni na pini zikapinda, kwa hiyo usivute feni moja kwa moja kwenda juu. Washa kompyuta kwanza ili grisi ya joto iliyo kati ya prosesa na feni ilainike, izime, chomoa umeme, kisha zungusha feni taratibu mpaka iachie.