Kwa mnaoanza kwenye tafiti za saratani ya ovari

Karibuni, wadogo zangu. Kabla hamjagusa jedwali lolote la takwimu, tafuteni matokeo ya UKCTOCS, jaribio la Uingereza la kutafuta saratani ya ovari kabla ya dalili, lililoandikisha wanawake zaidi ya 200,000 waliokwisha koma hedhi huko England, Wales na Ireland Kaskazini kati ya 2001 na 2005. Kundi lililopimwa CA125 (protini ya damu ambayo mara nyingi hupanda penye saratani hii) kila mwaka, na ultrasaundi pale damu ilipotia shaka, lilionyesha saratani nyingi zaidi za hatua ya kwanza na chache zaidi za hatua ya nne. Halafu mwaka 2021 ikatoka hesabu ya vifo: hakuna tofauti ya maana kati yao na wanawake ambao hawakupimwa. Kwa hiyo mtu akiwaonyesha grafu ya hatua za ugonjwa, mwulizeni vifo viko wapi.

Jambo la pili ni uchache wa ugonjwa wenyewe. Chukua wanawake 10,000 wa umri huo ambao hawana historia ya familia: wenye saratani hii kwa wakati mmoja ni kama wanne. Kipimo kinachokosea kwa mtu mmoja tu kati ya 100 kitawatia hofu wanawake mia ili kiwapate hao wanne, kama kitawapata wote. Na ovari haichomwi sindano ovyo kutafuta jibu, kwa sababu seli zinaweza kumwagika tumboni. Mara nyingi jibu hupatikana kwa upasuaji. Katika jaribio la PLCO la Marekani, wanawake 3,285 walipewa jibu la uongo kwamba huenda wana saratani, 1,080 kati yao wakapasuliwa, na 163 wakapata madhara makubwa. Takwimu hizo ziwekeni ukutani.

Ndiyo maana kazi nyingi sasa inawaelekea wenye hatari kubwa, hasa wanaobeba mabadiliko ya jeni za BRCA1 na BRCA2. Mwenye BRCA1 ana uwezekano wa takriban asilimia 44 wa kuugua kabla ya kufika miaka 80; kwa BRCA2 ni kama 17. Utafiti wa UKFOCSS uliwafuatilia wanawake 4,348 wenye hatari kubwa kwa kupima CA125 kila miezi minne, na kilichotazamwa kilikuwa mwenendo wa kiwango cha kila mwanamke, si ule mpaka wa kawaida wa uniti 35 kwa mililita peke yake. Saratani zilipatikana mapema zaidi, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na ushauri haukubadilika: akishamaliza kuzaa, kutoa mirija ya uzazi na ovari ndiyo kinga inayoaminika. Mshiriki akiwauliza kama vipimo vyenu vinaweza kuchukua nafasi ya upasuaji, mjibuni hapana, bila kuzungukazunguka.

Mtakaoenda maabara, shikeni mirija ya uzazi. Saratani nyingi kali za aina hii huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, si kwenye ovari yenyewe. Ncha hiyo ikatwe vipande vya milimita mbili tatu na itazamwe yote, kwani kidonda cha mwanzo hakionekani kwa macho. Kipande kilichokatwa kizembe kinaweza kuandikwa "salama" huku kina saratani.

Mtakaosoma makala za viashiria vipya vya damu, angalieni kwanza damu ilichukuliwa lini. Nyingi hung'ara kwa sampuli za wagonjwa waliokwisha tambuliwa, kisha zikipewa damu iliyohifadhiwa kabla ya ugonjwa kujulikana, zinapauka. CA125, iliyoanza kujulikana mwaka 1981, ni ya zamani na ina kasoro zake, lakini bado haijashindwa kirahisi. (Mimi makala isiyotaja tarehe ya sampuli siimalizi.)

Wanaofikiria kurudi kazini Afrika Mashariki wakumbuke kwamba kifua kikuu cha tumboni huipandisha CA125 juu sana, na fibroidi, endometriosisi (tishu kama ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake), ujauzito na hata hedhi huipandisha pia. Majibu ya jeni nayo husumbua: hifadhi za kulinganishia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo mwanamke wa Kiafrika hupata mara nyingi zaidi jibu la "haijulikani maana yake". Jibu hilo halitoshi kumtoa mtu ovari.

Na simu ya kumpa mshiriki majibu: kabla ya kupiga, uwe na tarehe ya kipimo kinachofuata tayari. CA125 ikiwa imepanda, mwulize kwanza kama alikuwa kwenye siku zake, halafu mpe hiyo tarehe.