Barua kwa mwanangu aliyeko Dublin

Marahaba mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa kwenye tramu nikapitiliza kituo. Umeniuliza kwa nini mwaka 2012, ukiwa na miaka kumi, nilikutoa shuleni tukaenda kusimama na umati kwenye mazishi ya mchezaji mpira ambaye si ndugu yetu wala si wa dini yetu, na kwa nini nililia vile. Unasema swali limekujia kwa sababu mtu mmoja ofisini kwenu, aliposikia umekulia Melbourne, alikwambia kwamba mchezaji huyo, Jim Stynes, ni mtoto wa Rathfarnham, mtaa wa hapo Dublin, jirani kabisa na kwao. Halafu chini, kama vile si jambo, ukaongeza kwamba ulikosea hesabu mbele ya wakubwa wote na huna hamu ya kurudi kazini Jumatatu. Nitakujibu yote mawili pamoja, maana kwangu mimi ni jambo moja.

Stynes alizaliwa Dublin mwaka 1966. Alikuwa mrefu, karibu mita mbili, na alikuwa akicheza mpira wa Kiairishi, ule wa duara unaodakwa kwa mikono, katika klabu ya Ballyboden St Enda's. Mwaka 1984 alitwaa ubingwa wa vijana wa Ayalandi akiwa na Dublin, na mwaka huohuo akajibu tangazo la gazetini. Klabu ya Melbourne, kocha akiwa Ron Barassi, ilikuwa inatafuta vijana wa Kiairishi iwasomeshe na kuwafundisha mpira wa Australia. Alifika Novemba, ana miaka 18. Wewe umekulia na mpira huu wenye umbo la yai, ambao ukidunda hakuna anayejua utaelekea wapi. Huwezi kujua uchungu wa mtu mzima anayejifunza kitu ambacho watoto wa chekechea wanamshinda. Walimpeleka kwa mkopo Prahran, ligi ya chini, ajifunzie huko. Mwaka 1987 ndipo alipoingia timu kubwa.

Sasa nije kwangu, jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Mwaka 1997 nilikuwa na miezi mitano tu nchini, nafanya kazi jikoni katika nyumba moja ya wazee. Siku moja nilichanganya trei mbili. Mzee aliyekuwa na shida ya kumeza, ambaye chakula chake kilipaswa kusagwa, nikampelekea nyama na viazi. Akapaliwa. Muuguzi aliwahi, mzee akapona, na kesho yake alikuwa anakunywa chai kama kawaida. Lakini kosa lilikuwa langu, lilisemwa mbele ya jiko zima, na kwa Kiingereza changu cha wakati ule sikuweza hata kuomba msamaha nikaeleweka. Jioni nilinunua kadi ya simu nikampigia bibi yako Tanga. Nikamwambia narudi nyumbani. Nilikuwa nimeshaulizia nauli.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kiitaliano, mtu mzima, aliyekuwa akiosha vyombo pale. Kesho yake alinikalisha kwenye meza ya wafanyakazi. Hakunipa pole hata moja. Alichukua kichupa cha chumvi akakiweka katikati ya meza. "Huyu ni Buckenara wa Hawthorn," akasema. Akaweka kikombe mbele yake: huyu ni mtu wetu wa Melbourne aliyesimama kwenye alama, pale mpinzani anaporuhusiwa kusimama kumkabili mpigaji. Akaniambia ni nusu fainali ya mwaka 1987, uwanja wa Waverley Park, watu zaidi ya 70,000. Melbourne hawajafika hatua za mwisho za ligi tangu 1964, na sasa wanaongoza kwa pointi nne. Zimebaki sekunde, mwamuzi anampa Buckenara mpira wa adhabu. King'ora cha mwisho kinalia, lakini kwa kanuni za huku mpira huo lazima upigwe. Yuko mbali na goli, kama mita 55. Goli ni pointi sita.

Kisha akachukua kijiko cha chai. Akakipitisha taratibu kati ya chumvi na kikombe, akaniangalia usoni.

Kijiko ndiye Stynes. Alikuwa anamkimbilia mtu wake, akakatiza katikati ya mpigaji na aliyesimama kwenye alama, mahali ambapo hapitiwi. Mchezo aliokulia kwao haukuwa na alama ya namna hiyo. Mwamuzi akatoa adhabu ya mita 15. Yule mama akakisogeza kichupa cha chumvi mbele, upana wa kiganja tu, akakiacha hapo. Buckenara akapiga, mpira ukapita kati ya nguzo, Hawthorn wakashinda kwa pointi mbili na kwenda fainali. Kamera za televisheni zilimwonyesha kocha John Northey akimkaripia kijana yule kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nchi nzima ikitazama. Miaka 21, kwao ni mbali, na timu iliyongoja zaidi ya miaka ishirini imeondoka mikono mitupu kwa hatua zake chache.

Nikamuuliza yule mama, "Alirudi kwao?" Akasema, "Jumamosi njoo uone mwenyewe."

Ndivyo nilivyofika MCG, uwanja mkubwa wa mpira wa Melbourne, mara ya kwanza, nimefungwa shingoni skafu yake nyekundu na buluu iliyonuka sabuni ya vyombo. Melbourne walikuwa wabovu mwaka ule, walimaliza mkiani kabisa, na siku ile pia walifungwa. Nilimwona Stynes kwa macho yangu. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Waverley. Mwamuzi aliudundisha mpira katikati, majitu mawili yakaruka kuugombea juu, kisha kila mmoja akakimbia, na yeye alikuwa bado anakimbia wakati mwenziwe ameshika kiuno. Sikuelewa mchezo. Nilielewa kukimbia kule. Mwaka huohuo, timu ikiwa ya mwisho, yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa klabu, kwa mara ya nne. Na ile medali ya Brownlow, anayopewa mchezaji bora na mwenye nidhamu wa ligi nzima kwa kura za waamuzi, alikuwa ameshaichukua mwaka 1991.

Nisikilize hapa, mama. Stynes alicheza mechi 264, na kati ya hizo 244 alizicheza mfululizo bila kukosa hata moja, mpaka mwaka 1998 alipovunjika mkono. Rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 2025. Nilikuwa nikidhani mfululizo ule ulianza baada ya Waverley, kama mtu anayelipa deni. Siyo. Ulianza wiki chache kabla, kwa hiyo mechi ile ya kosa imo ndani ya hesabu. Ni moja kati ya 244. Haikuondolewa, na haikuwekwa peke yake pembeni. Nilipolijua hilo nilikaa kitandani kwa muda mrefu, nikamfikiria yule mzee na viazi vyangu.

Mwaka 1994, akiwa bado anacheza, yeye na mtengeneza filamu Paul Currie walianzisha Reach, taasisi ya vijana. Walikuwa wanawakusanya watoto wa shule wakae waseme yaliyo moyoni mbele ya wenzao. Hapo ndipo alipoingia nyumbani kwetu. Baba yako alipofariki, kaka yako alinyamaza karibu mwaka mzima. Alikuwa anakula, anakwenda shule, anarudi, anafunga mlango. Kisha shuleni kwao wakaja watu wa Reach. Jioni ile alisimama mlangoni mwa jiko, nikiwa nasonga ugali, akaniuliza baba alisema nini siku ya mwisho. Nilizima moto. Ugali ule hatukuula. Wewe ulikuwa mdogo, ulilala kwenye kochi, sisi tukazungumza mpaka karibu alfajiri. Stynes hakuwepo katika kikao kile, na kaka yako hakuwahi kukutana naye. Lakini mimi najua nilichopewa, na najua kimetoka kwa nani.

Mwaka 2008 akawa rais wa klabu ya Melbourne, klabu ikiwa imezama kwenye madeni ya mamilioni ya dola. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba ana saratani na imeshasambaa. Alipasuliwa kichwa si mara moja, akarudi kazini. Deni lilimalizwa mwaka 2010. Nilimwona kwenye taarifa ya habari amekonda, mshono kichwani, anazungumzia bajeti ya klabu kama mtu mwenye miaka thelathini mbele yake. Alifariki tarehe 20 Machi 2012. Alikuwa na miaka 45, na aliacha watoto wawili, mkubwa wao nawe mkiwa karibu rika moja.

Serikali ya jimbo ikampa mazishi ya heshima, Jumanne tarehe 27, katika kanisa kuu la St Paul's. Sisi tulisimama Federation Square, mbele ya skrini kubwa, wewe na sare zako za shule. Uliniuliza, "Mama, tunamjua?" Nikasema ndiyo, na sikuweza kuendelea. Nililia kwa sababu alikuwa mgeni kama mimi, alikosea hadharani kuliko mimi, na mji huu ukamzika kama mtoto wake. Na nililia kwa ajili ya kaka yako pale mlangoni. Jibu lako ndilo hilo, limechelewa miaka mingi, unisamehe.

Kuhusu hesabu zako: umesema mkubwa wako alikukaripia, lakini hukusema kama kosa limesharekebishwa. Kama bado, Jumatatu nenda mapema kabla wengine hawajafika, lirekebishe, mpelekee mwenyewe mkononi. Mimi baada ya trei zile niliomba nipewe kazi ya kuandika majina kwenye trei zote, na niliifanya miaka sita.

Siku ukipata nafasi, pita Ballyboden, ukakitazame kiwanja chao unipigie picha. Huku wamelipatia jina lake daraja la waenda kwa miguu kule mtoni Yarra, upande wa Docklands. Mimi hulipita nikitoka kliniki, na nikifika katikati humwombea.

Yule mama wa Kiitaliano aliniachia skafu yake alipostaafu. Nimeifua na kuifunga, nitaipeleka posta kesho asubuhi. Huko kwenu kuna baridi, na nyekundu inakupendeza.

Mama yako